Kilo Ishirini na Mbili

Penzi hili halikuniangukia. Lilinivujia
kidogo kidogo, kama maji kwenye lile friji bovu
tulilolipanda mimi na kaka yangu Mwinyimvua
mwaka Jangwani ilipofurika.
Lilikuwa la muuza barafu. Mlango haukuwepo.
Tulipiga kafi kwa masufuria,
tukapita juu ya ua wa jirani, juu ya choo,
tukagonga paa la banda
na jogoo akatutazama kama watu wa kodi.
Mama alituchapa wote wawili, kisha akalia peke yake.
Godoro lilikuwa limekwenda, na vyeti, na cherehani.
Nilikuwa na miaka saba na aibu moja:
kwamba nilifurahi.

Aibu hiyo niliikalia miaka thelathini na miwili.
Nikasoma, nikaajiriwa Vipimo,
nikazunguka masokoni na mawe yangu ya shaba
kukamata mizani zinazosema uongo.
Nikaolewa na Kibwana, mtu wa nchi kavu,
anayeoga kwa kata moja na kubakiza.
Msimbazi niliuvuka tu, kioo kimepandishwa.

Hadi nilipokwenda Kunduchi kukagua mizani ya samaki
nikaikuta nyuma ya hoteli iliyofungwa:
kayaki ya manjano, imejaa maji machafu.
"Hilo hori la bata, mama," mlinzi akasema.
Hori. Wanapolia bata, hori.
Chombo cha kuvukia, hori.
Mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, hori.
Nikauliza bei kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.
Nikaipima; mazoea ni mazoea.
Kilo ishirini na mbili, pamoja na manyoya.

Ufa aliuziba fundi wa madumu kule Keko,
kisu cha moto, kipande cha dumu la mafuta ya kula.
Hadi leo jua likiwaka
ubavu wake wa kushoto unanukia chapati.

Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Mimi sikuvua. Niliyaingia na gauni la ofisini,
Jumamosi, Mbweni, kwenye mikoko, bamvua limejaa,
nikapinduka kabla sijakaa vizuri.
Vijana wakacheka hadi mmoja akaona aibu, akaja kunishika.
Nikapinduka naye.
Mara ya sita nilibaki juu.
Kiuno kilikuwa kimejua jambo
ambalo kichwa hakijaambiwa.

Sitasema nilijiona ndege. Nilikuwa na mbu na mkojo.
Lakini kafi lilipozama kulia, kisha kushoto,
lilitoa mlio ule ule,
sufuria ya mama ikichota mafuriko,
na nikaililia cherehani, kwa mara ya kwanza,
katikati ya mikoko, mwanamke wa miaka thelathini na tisa.

Kibwana alidhani nina mtu Mbweni.
Akanifuata siku moja kwa bodaboda, akajificha,
akamwona mpinzani wake: wa plastiki, ana kiraka.
Tangu hapo hunifungashia mihogo.
Mwinyimvua yeye alihamia Dodoma.
Maji, anasema, alishayalipa.
Friji moja, watoto wawili. Sijui. Mizani hiyo sinayo.

Leo nina sitini na tatu, goti linalia kama bawaba,
na nimekosea saa za maji, mimi, mtu wa vipimo.
Yamepwa yakaniacha juu ya tope.
Kaa wanatoka mmoja mmoja kunikagua.
Simu inaita. Mjukuu wangu, Warda.
"Bibi, uko wapi?"
"Nimekwama."
"Tuje?"
"Hapana. Yanakuja yenyewe."
Nimekula mihogo yote. Nimefunika miguu kwa kanga.
Sasa tezi imetikisika,
kidogo tu,
kama mtu usingizini aliyesikia jina lake.